Je, Anayechambua Hachezi Kamari?



Neno kamari halipendwi hata na wachezaji wenyewe. Mwulize kijana yeyote aliyeketi kibarazani karibu na stendi yetu ya Moshi, simu mkononi na kalamu sikioni, kama anacheza kamari. Atakataa. Atakwambia, "Mimi sibahatishi, ninachambua." Kwa maoni yake anayecheza kamari ni yule anunuaye namba ya bahati nasibu, maana namba haina historia. Lakini yeye amesoma. Anajua timu hii imefungwa mara ngapi ugenini, kipa yupi ameumia, na kocha yupi amefukuzwa juma lililopita. Yaani anadai kwamba maarifa yamelisafisha jambo lile, likaacha kuwa kamari na kuwa kazi ya akili.

Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, shuleni na katika chuo cha ualimu, na kwa mtu wa kazi yangu dai hili si la kupuuzwa. Mwaka jana kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia nyumbani na daftari. Akanipa shikamoo, akaketi, akalifungua mezani. Ndugu zangu, lilikuwa daftari safi kuliko lolote alilowahi kuniletea darasani! Safu zimepigwa kwa rula: tarehe, magoli, wastani, hata kama mvua ilinyesha. Akaniuliza, "Sasa Mwalimu, hii nayo ni kamari? Si ni wewe uliyetufundisha uwezekano?" Nilimwambia kwamba swali lake lilistahili kujibiwa kwa maandishi. Basi haya ndiyo maandishi yenyewe, na kwa kuwa najua wazazi wengi wa mtaa huu wanaulizwa swali lilo hilo mezani, nimeona yafaa niyalete hapa.

Naomba ruhusa ya kuuweka mpira kando kwanza. Katika mpira sisi sote ni wagonjwa. Mtu wa Simba hawezi kuipima Yanga kwa haki, wala wa Yanga hawezi kuipima Simba. Twende mahali ambapo hatuna ushabiki, na ambapo sanaa hii ya kuchambua ilikomaa zamani kabla mpira haujawa na ligi: kwenye mbio za farasi.

Hapa kwetu hakuna uwanja wa mbio hizo. Kwenye miteremko ya mlima huu mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka asimguse farasi hata mara moja. Mnyama wa namna hiyo tunayemjua ni punda wa majirani zetu Wamasai huko tambarare. Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Ng'ambo ya mpaka, Nairobi, mbio za farasi zilianza kuandaliwa tangu mwaka 1904, na mwaka 1954 zikahamia uwanja ulioko Ngong Road. Aghalabu zimefanyika Jumapili mchana, jambo ambalo bila shaka makasisi wa Nairobi waliliona kabla yangu.

Mtu aingiapo katika uwanja wa namna hiyo hupata kijitabu cha mbio za siku ile. Kwa desturi ya Kiingereza, mbele ya jina la kila farasi huandikwa tarakimu, tuseme 3 1 0 2. Hizo ni nafasi alizoshika katika mbio zake za karibuni, ya mwisho ikiwa kuliani. Sifuri maana yake hakuwamo katika tisa wa kwanza. Asiyejua husoma tarakimu hizo akakomea hapo: juzi alikuwa wa pili, basi ni mzuri. Mchambuzi ndipo anapoanza kazi. Wa pili katika mbio za urefu gani? Farasi wa mita 1,200 si farasi wa mita 2,400, kama vile mkimbiaji wa mita mia asivyokuwa yule tunayemwona akipanda kuelekea Mweka siku ya Kilimanjaro Marathon. Wa pili katika nyasi kavu au zilizoloa? Wako farasi wapendao ardhi laini, na wako ambao mvua ikinyesha ni afadhali wangebaki zizini. Wa pili mbele ya nani? Kuwa wa pili mbele ya wazembe si sawa na kuwa wa nne nyuma ya mabingwa watatu. Tena, alipumzika siku ngapi, alipandwa na nani, alianzia upande wa ndani au wa nje, na je, leo amepandishwa daraja au ameshushwa?

Juu ya hayo yote kuna uzito, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndiyo sehemu iliyonivutia kuliko zote. Katika mbio nyingi farasi hawabebi mzigo ulio sawa. Yuko mtu maalumu ambaye kazi yake ni kutazama rekodi ya kila farasi na kumpangia uzito: aliye hodari kilo 60, aliye dhaifu kilo 51, na wengine katikati. Mpanda farasi hupanda mizani pamoja na tandiko lake, na akipungua huongezewa vipande vya risasi (namaanisha ile madini, si ya bunduki). Uingereza mtu aliyeipa kazi hii utaratibu alikuwa Admiral Henry Rous, katikati ya karne ya 19. Wajuzi wana kipimo chao: katika mbio fupi za kama kilomita moja, ratili tatu za mzigo huhesabiwa kuwa sawa na urefu wa mwili mmoja wa farasi pale mwishoni, katika mbio za zaidi ya kilomita tatu hata ratili moja yatosha. Kwa hiyo mchambuzi akiona farasi ameshika nafasi ya nne, amepitwa kwa urefu mmoja tu, naye alibeba ratili kumi zaidi ya mshindi, hasemi kwamba huyu ni wa nne. Asema huyu ndiye bora wao wote.

Nilipolielewa jambo hili niliikumbuka mitihani yetu. Mtoto ashukaye kila asubuhi kutoka vijiji vya juu, akiwa ameshachota maji na kukata majani ya ng'ombe kabla jua halijatoka, ashika nafasi ya kumi na mbili. Mwingine aletwaye kwa gari hadi mlangoni ashika ya tatu. Matokeo yanabandikwa ukutani, 12 na 3, na hakuna safu ya uzito. Watu wa farasi wametupita katika hilo.

Basi namkubalia kijana wangu jambo la kwanza bila kinyongo: uchambuzi ni maarifa ya kweli. Mtu aliyesoma kijitabu kile vizuri anajua kitu ambacho asiyesoma hakijui. Wanaosema kwamba yote ni bahati tu hawajawahi kukaa na mtu anayejua.

Lakini tutazame maarifa hayo yanafanya kazi gani pale uwanjani. Yule mpanga uzito naye ni mchambuzi, na rekodi anazosoma ni zile zile. Kusudi lake ni kwamba, kama ikiwezekana, farasi wote wafike mwishoni bega kwa bega. Kwa hiyo mchambuzi wa jukwaani anaketi kufungua fundo ambalo mchambuzi mwenzake, mwenye karatasi zile zile na uzoefu zaidi, amelifunga makusudi. Si ajabu basi kwamba farasi anayeaminiwa na watu wengi kuliko wote hushinda kama mara moja katika tatu. Wenye maarifa wote wakiunganisha vichwa vyao, bado hukosa mara mbili katika tatu.

Tena yako mambo ambayo hakuna safu ya daftari iwezayo kuyashika. Mwaka 1956, katika mbio za Grand National huko Liverpool, farasi aitwaye Devon Loch, mali ya mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, aliruka vizuizi vyote akawa anaongoza peke yake. Hatua chache kabla ya mwisho miguu yake ikamtoka akaanguka tumbo chini, wala hapakuwa na kizuizi chochote mbele yake. Mpanda farasi wake alikuwa Dick Francis, ambaye baadaye alipata sifa kwa kuandika riwaya. Na mwaka 1967, katika mbio hizo hizo, farasi asiye na mpandaji alikata njia mbele ya kizuizi cha 23, na karibu wote wakagongana na kusimama. Foinavon, ambaye hakuna aliyemtazamia, alikuwa nyuma sana hata mpandaji wake akapata nafasi ya kuiona ghasia ile mapema na kutafuta upenyo. Akaruka, akaenda zake, akashinda. Bei yake ilikuwa mia kwa moja. Uzito wa miguu yake ndio uliompa ushindi, na sijui ni mchambuzi gani angeliandika hilo katika daftari kama sifa.

Hata hivyo ajali hizi si hoja yangu kubwa. Kijana angejibu, na kwa haki, kwamba ajali huwapata wote, na kwamba kwa muda mrefu ajuaye atamshinda asiyejua. Hoja yangu iko kwenye neno hilo hilo: atamshinda asiyejua.

Fikirini jinsi fedha zinavyokwenda. Iko njia moja ya kuweka dau ambayo ilianzishwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860, na mpaka leo hutumika viwanja vingi vya farasi duniani. Fedha za wote huwekwa katika chungu kimoja. Wenye mchezo hutoa sehemu yao, na kinachobaki hugawanywa kwa wale waliomchagua mshindi. Tuseme watu 100 wameweka shilingi 10,000 kila mmoja. Chungu kina shilingi 1,000,000. Wenye mchezo watoe asilimia 20, zibaki 800,000. Kama watu 40 walimchagua mshindi, kila mmoja apata 20,000. Kama ni watu 5, kila mmoja apata 160,000. Na kama ni watu 90? Kila mmoja apata chini ya 8,900. Amepatia, na bado amepoteza!

Hapo ndipo nilipomwomba kijana anisomee tena. Fedha nono haitolewi kwa kumjua mshindi. Hutolewa kwa kumjua mshindi ambaye wenzako hawakumjua. Kujua pamoja na watu wote hakuna faida. Kwa hiyo mchambuzi hashindani na farasi. Farasi hajui kwamba kuna fedha. Wala hashindani na wenye mchezo, maana wao wameshatoa sehemu yao kabla ya kugawa. Anashindana na mtu aliyeketi kando yake, na kila shilingi atakayoipeleka nyumbani imetoka katika mfuko wa huyo.

Kwenye makampuni ya mpira ya siku hizi hesabu ni tofauti kidogo, kwa sababu bei hutangazwa mapema. Lakini ukweli ni ule ule. Chukua mechi ambayo bei ya mwenyeji kushinda ni 2.00, sare 3.20, mgeni 3.50. Geuza kila bei kuwa asilimia: 50, na 31 na kitu, na 28 na kitu. Jumla ni karibu 110, na mechi moja haiwezi kuwa na zaidi ya 100. Ile kumi ya ziada ni ya kampuni. Asiye na ujuzi wowote, akiweka shilingi moja, kwa wastani hurudishiwa kama senti 91. Sasa akiunganisha mechi kumi katika orodha moja, ile ambayo vijana huiita mkeka, ile 91 huzidishwa kwa yenyewe mara kumi, na kinachobaki ni kama senti 39. Na hata mchambuzi hodari, akiwa na mechi kumi ambazo katika kila moja ana hakika ya asilimia 60, ataupata mkeka mzima kama mara sita katika elfu. Wakisema mkeka umechanika, mimi husema ulifumwa hivyo.

Nilimwuliza kijana: katika safu zako zote hizi, iko wapi safu ya fedha ulizotoa na fedha zilizorudi? Haikuwapo. Alicheka, na mimi nilicheka, lakini tangu siku ile nimewauliza na wengine, na sijakutana bado na daftari lenye safu hiyo.

Mtu atasema: Mwalimu umechagua wasiojua vizuri. Tuletee ajuaye kweli. Haya, yuko Mmarekani aitwaye William Benter. Alisoma fizikia, akajifunza kuhesabu karata katika kumbi za Las Vegas mpaka zikamkataa, na katikati ya miaka ya 1980 akaenda Hong Kong. Huko farasi walikuwa wachache, walikimbia katika viwanja viwili tu, na rekodi zilitunzwa vizuri. Aliingiza katika kompyuta yote niliyoyataja, umbali, uzito, mapumziko, mpandaji, na mengine mengi. Mwaka 1994 alichapisha makala ya kitaalamu akaeleza njia yake, na ndani yake mna jambo la unyenyekevu: makadirio ya kompyuta peke yake hayakutosha. Ilimbidi kuyachanganya na bei iliyowekwa na umati, kwa sababu umati ulijua mambo ambayo kompyuta yake haikuyajua. Basi kwa njia hiyo alitajirika sana. Kwa hiyo ni kweli, yawezekana.

Lakini sikilizeni kilichotokea mwaka 2001. Ulikuwako mchezo mmoja mgumu, wa kutaja farasi watatu wa kwanza katika mbio tatu za jioni moja, na kwa kuwa zawadi yake ilikuwa kubwa mno, watu wa kawaida waliununua kama wanunuavyo bahati nasibu. Benter na mwenzake waliupata. Zawadi ilizidi dola za Hong Kong milioni mia moja. Hawakwenda kuichukua. Tiketi zilikaa mpaka muda ukapita, na fedha zikaingia katika mfuko wa hisani wa chama cha mbio. Benter mwenyewe alimsimulia mwandishi wa habari, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 2018: waliona kwamba kuichukua ingekuwa kukosa uungwana.

Kwa nini? Hakuwa ameiba. Hakuvunja sheria wala hakumpulizia farasi dawa. Alipatia kwa haki, kwa kazi ya miaka mingi. Nadhani alitambua kile nilichotaka kumwonyesha kijana wangu. Aliziona fedha zile zilikuwa za nani.

Askofu Mkuu William Temple, aliyekuwa Canterbury tangu 1942 hadi kifo chake 1944, aliipinga kamari waziwazi, na kati ya sababu zake mbili zinatuhusu hapa. Moja ni kwamba kamari huitukuza bahati, kana kwamba Mungu hakuuweka ulimwengu kwa utaratibu. Nyingine ni kwamba mtu hutafuta faida katika hasara ya mwenzake. Angalieni basi jinsi neno "ninachambua" linavyofanya. Sababu ya kwanza linaijibu vizuri sana. Mchambuzi haitukuzi bahati. Anaheshimu utaratibu, anaamini kwamba mambo yana sababu. Lakini sababu ya pili haiguswi. Tena inazidi kuwa nzito. Anunuaye namba ya bahati nasibu yuko sawa na wenzake wote: wote hawajui. Mchambuzi yeye huingia akijua kwamba anajua zaidi, na kutojua kwa mwenzake ndiyo mali anayoitafuta. Akikosa watu wasiojua, hana pa kuchuma.

Kura yenyewe si kosa. Mitume walipiga kura baina ya Mathiya na mwenzake, wala hapana aliyepungukiwa kitu. Askari nao walipiga kura pale chini ya msalaba, na kitu waliichokipigia kura kilikuwa nguo ya mtu.

Sasa kuna pingamizi mbili ambazo lazima nizitendee haki. Ya kwanza husema: mfanyabiashara naye hupata faida kwa kujua kuliko mwenzake. Kweli. Hapa Moshi, mji wa mnada wa kahawa na wa KNCU tangu 1933, tunawajua waonjaji wa kahawa. Vikombe vimepangwa mstari, yeye apita na kijiko, avuta kwa sauti, atema, na kwa mdomo tu aweza kusema kahawa hii ilichelewa kumenywa au ilikaushwa vibaya. Huyo naye ni mchambuzi, na ujuzi wake ni fedha. Lakini mwonjaji akiisha kufanya kazi yake, kahawa nzuri imejulikana kuwa nzuri, mkulima aliyechuma mbivu tu amelipwa kuliko aliyechanganya na mbichi, na msimu ujao huyu wa pili atachuma kwa uangalifu zaidi. Mnunuzi ana kahawa na mkulima ana fedha. Ni hivyo hivyo kwa mkufunzi wa farasi. Beryl Markham, yule mwanamke wa Kenya aliyeruka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza kwenda magharibi, alikulia Njoro kwa baba yake, na kabla ya kuwa rubani alikuwa mkufunzi wa farasi wa mbio akiwa bado kijana sana. Ujuzi wake ulikuwa mikononi, katika kupapasa mguu wa mnyama alfajiri na kujua kama una joto. Yeye na masaisi wake walimfanya farasi kuwa bora kuliko alivyokuwa. Mwenye kijitabu jukwaani, hata akijua kama yeye, hamfanyi farasi kuwa chochote. Mbio zikiisha fedha zimehama mifuko, na sehemu fulani imepungua njiani. Hakuna kahawa iliyochumwa.

Pingamizi ya pili husema: wote walikubali, tena ni burudani. Nakubali kwa kiasi. Mtu mzima anayeweka shilingi 500 ili mechi ya Jumamosi impe msisimko, kama vile angelipa kiingilio uwanjani, sitamwita mwizi wala mwenye dhambi kubwa, na sipendi mahubiri yamwitayo hivyo. Lakini huyo hana haja ya daftari. Burudani haiulizi wastani wa magoli ya ugenini. Ugumu ni kwamba mtu mmoja hutaka kutumia majibu mawili kwa zamu. Ukimwambia ni kamari, ajibu, "Hapana, ni uchambuzi, ni kazi." Ukimwuliza kazi hii yamlisha nani na yamnyima nani, ajibu, "Aa, Mzee, ni burudani tu." Achague moja. Kama ni burudani, na iwe na bei ya burudani, isiguse ada ya mtoto. Kama ni kazi, basi aniambie mwajiri wake ni nani, nami nitamjibu kwamba ni jirani yake asiyejua hesabu.

Na jirani huyo tunamjua. Ni mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, akasikia vijana wakizungumza kwa ujuzi kwenye kibaraza, akadhani ujuzi wao unaweza kumfikia kwa kuketi karibu. Ni mama wa sokoni aliyepewa simu na mwanawe. Katika mitaa yetu yamesikika hata maneno ya kukata kipande cha kihamba, ardhi ambayo wazee walizikwa, ili kulipa madeni ya mchezo huu. Huyo mwenye kihamba hakuwa mchambuzi. Yeye ndiye aliyekuwa akichambuliwa.

Kuna wasomaji ambao kufikia hapa wameanza kutabasamu, wakisubiri nitaje harambee zetu. Nitazitaja. Kanisa linapouza tiketi za elfu mbili ili kuezeka paa, na mwenye tiketi yenye bahati apewe mbuzi, je, hilo nalo si lile lile? Kwa maoni yangu inategemea mnunuzi alipewa nini akilini mwake. Akiwa ametoa elfu mbili kwa ajili ya paa, hakuna aliyepoteza, na mbuzi ni asante tu. Akiwa amenunua tiketi ishirini kwa sababu alimtamani mbuzi, basi tumemfanya achezee dau chini ya msalaba wetu wenyewe, na mabati hayatabadilisha hesabu hiyo. Nimeziangalia tiketi za mwaka uliopita. Neno MBUZI liliandikwa kwa herufi kubwa, na neno mchango kwa herufi ndogo chini kabisa. Wahusika wakichapisha nyingine, nashauri waanze kwa kubadilishana ukubwa wa herufi.